Vidonge, kibandiko, bangili au tangawizi: kipi kinamfaa mwenye kisunzi kwenye bustani za michezo

Mashine inayowatapisha watu wengi si ile ndefu inayopiga kelele. Ni ile ya vikombe vikubwa vya chai ambamo watu wanakaa, iliyopakwa rangi za kitoto na kusimamiwa na kijana anayepiga miayo. Rolakosta, yaani behewa zinazokimbia juu ya reli yenye vilele na kona, inakutisha kwa dakika 2 au 3, inakushusha, mambo yamekwisha. Kikombe kinakuzungusha, kinasimama, unashuka, na ardhi bado inakwenda. Bidhaa zote tunazozipima hapa zinafaulu au zinashindwa kwa sababu ya tofauti hiyo, kwa hiyo tuanze na sikio kabla ya kwenda duka la dawa.

Ndani ya kila sikio mna mifereji 3 ya nusu duara yenye majimaji, na jirani yake vifuko 2 vyenye chembe ndogo za chokaa. Mifereji inapima mzunguko. Chembe zinapima mvutano wa ardhi na mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu na chini. Kikombe kikianza kuzunguka, majimaji yanachelewa kuufuata mfereji, na kule kuchelewa ndiko kunakoiambia akili kwamba unazunguka. Kasi ikibaki ileile kwa sekunde 20 hivi, majimaji yanaifikia, na sikio linatoa taarifa kwamba umetulia huku macho yanaona dunia inapita mbio. Mashine ikifunga breki, majimaji yanaendelea na safari yake. Sasa sikio linasema unazunguka upande wa pili, macho yanasema umesimama. Ubongo unakosa wa kumwamini, na tumbo ndilo linaloadhibiwa.

Kibaya zaidi ni kuinamisha kichwa katikati ya mzunguko. Mfereji mmoja unatoka kwenye mzunguko, mwingine unaingia, na akili inahisi unapinduka upande ambao hauendi kabisa. Mtazame anayeinama kuokota simu iliyomponyoka miguuni kikombe kikiwa kasi. Akiinuka uso umepauka, jasho la baridi liko juu ya mdomo, na anameza mate mara tatu mfululizo. Simu ingeweza kusubiri.

Vidonge ndivyo vinavyoshinda katika tathmini hii, kwa sharti moja: saa. Dimenhidrinati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Dramamine, mtu mzima anameza miligramu 50 hadi 100, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya mashine ya kwanza, na anaweza kurudia baada ya saa 4 hadi 6 bila kuzidi miligramu 400 kwa siku. Meklizini ni miligramu 25 hadi 50, saa 1 kabla, mara moja kwa siku. Inalevya usingizi kidogo kuliko dimenhidrinati, na kwa siku nzima ya kupanda na kushuka hiyo ndiyo tunayoipendelea. Sinarizini inataka maandalizi ya mapema zaidi: miligramu 30, saa 2 kabla, kisha 15 kila baada ya saa 8 ikihitajika. Haipatikani kila nchi.

Malalamiko mengi ya kwamba "vidonge havifanyi kazi" yanatoka kwa watu waliovimeza wakiwa tayari wamekaa kwenye benchi, kichwa mikononi. Kichefuchefu kikishaanza, tumbo linapunguza kazi ya kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo, na kidonge kinakaa palepale kama jiwe. Wengine wanakosea dawa yenyewe. Vidonge vya mzio vya kisasa visivyoleta usingizi, kama setirizini na loratadini, havisaidii hapa, kwa sababu kile kinachovifanya visilete usingizi, yaani kutoingia sana kwenye ubongo, ndicho kinachovifanya visizuie kisunzi. Ondansetroni nayo, yenye sifa nzuri kwa wagonjwa wa saratani na waliofanyiwa upasuaji, ni dhaifu kwa kichefuchefu cha mwendo. Kosa jingine la kimyakimya: kuchanganya dimenhidrinati na dawa za mafua au za usingizi zenye difenhidramini. Hizo ni ndugu wa tumbo moja, na mchanganyiko wake ni dozi maradufu.

Hasara yake ni ileile ya siku zote: usingizi, mdomo mkavu, na katika siku ya jua kali, kutokwa jasho kidogo kuliko mwili unavyohitaji. Usiendeshe gari kurudi nyumbani, na pombe iache kabisa. Mwenye presha ya macho au tezi dume iliyovimba amuulize daktari kwanza. Watoto wana dozi zao kwa umri, zimeandikwa kwenye boksi. Usimkatie mtoto kipande cha kidonge chako kwa kukisia. Wa chini ya miaka 2, kwa bahati nzuri, ni nadra kuugua mwendo.

Kibandiko cha skopolamini ni kidogo kuliko sarafu, kinabandikwa nyuma ya sikio mahali pakavu pasipo na nywele, na kinaachia dawa polepole kwa siku 3. Kwa safari ya meli ni kizuri mno. Kwa bustani ya michezo tunakipa alama za kati, kwa sababu kinahitaji angalau saa 4 kabla hakijaanza kazi. Anayekibandika akiwa kwenye foleni ya tiketi amejipamba tu. Tena kina tabia zake. Ukikigusa kisha ukafikicha jicho, mboni ya jicho hilo inapanuka, unaona ukungu, na ndugu zako wanadhani umepata kiharusi. Nawa mikono kwa sabuni kila unapokigusa. Usikikate nusu. Usikitumie kama una presha ya macho ya pembe finyu, na si cha watoto. Ukikitoa baada ya kukaa nacho siku kadhaa, kisunzi kinaweza kurudi siku inayofuata hata kama umekaa tu. Wanaokwenda bustanini siku 2 au 3 mfululizo, na waliokwisha kukijaribu nyumbani, wanaweza kukifurahia. Mwenye siku moja abaki na vidonge.

Bangili zenye kishikizo cha plastiki zinauzwa kila mahali. Kishikizo kinatakiwa kukandamiza sehemu iliyo upana wa vidole 3 kutoka kwenye mkunjo wa kiganja, katikati ya kano 2, upande wa ndani wa mkono. Wengi wanazivaa juu ya mfupa kama saa, na hapo hata wanaoziamini wanakubali hazina kazi. Zikivaliwa sawasawa, majaribio yaliyofanywa yametoa majibu yanayopingana, na sehemu kubwa ya faida inaonekana kutoka kwenye imani ya mvaaji. Hatuzikejeli: imani inasaidia kichefuchefu kuliko inavyosaidia jino. Hazilevyi, hazigombani na dawa nyingine. Lakini usizitegemee peke yake kwenye kikombe.

Tangawizi tunaipa nafasi juu ya bangili. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 1 ya unga mkavu, yaani karibu nusu kijiko cha chai, nusu saa hadi saa 1 kabla. Inalituliza tumbo, sikio hailigusi. Kwa hiyo kisunzi utakiona kama kawaida, ila kutapika kunaweza kupungua au kuchelewa. Peremende za tangawizi soma pakiti yake kwanza, maana nyingi ni sukari iliyopitishwa karibu na tangawizi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kabla ya kujaza vijiko.

Kuna pia miwani isiyo na vioo yenye pete 4 zilizojaa nusu ya majimaji ya rangi. Kampuni ya magari ya Citroën iliitoa mwaka 2018 kwa jina la Seetroën. Majimaji yanainama na gari, macho yanapata mstari wa upeo wa bandia. Wazo ni zuri kwa anayesoma ndani ya gari. Ila inavaliwa dakika 10 hivi ili ifanye kazi, na mashine nyingi zinamalizika kabla ya dakika 4. Isitoshe, mhudumu atakuambia uivue kabla hajafunga mkanda, na atakuwa sahihi.

Sasa yale yasiyouzwa dukani, ambayo kusema kweli yanazidi nusu ya bidhaa hizo.

Kwenye rolakosta omba siti ya mbele kabisa. Wanaoogopa wanakimbilia nyuma, na ndipo wanapojiponza: nyuma huoni kona inakuja wapi, na behewa la mwisho linavutwa juu ya kilele kwa nguvu na kurushwa zaidi. Mbele unaiona reli, macho yanaliambia sikio mapema kinachokuja. Bandika kisogo kwenye mto wa siti, kaza shingo kidogo, tazama reli mita kadhaa mbele, wala usifumbe macho. Rolakosta iliyonyooka yenye mwinuko mkubwa ni rafiki wa mwenye kisunzi kuliko ile fupi inayopinda na kuzungusha behewa lenyewe.

Merikebu ya maharamia inayobembea inahitaji heshima ya pekee. Mwili wa binadamu unauchukia mno mtikisiko wa taratibu, ule wa takribani mara 1 kila sekunde 5. Ndiyo sababu bahari inatapisha na pikipiki kwenye barabara ya mashimo haitapishi. Merikebu ya kawaida inakwenda na kurudi kwa sekunde 5 hadi 7. Imeangukia palepale. Kaa katikati, karibu na mlingoti, ambako kupanda na kushuka ni kwa kimo kidogo. Ncha mbili waachie wenye masikio ya chuma. Tazama ncha ya merikebu inayosafiri nawe, si miti inayopanda na kushuka.

Kwenye vikombe, usiuzungushe ule usukani wa katikati, na usikae na mtoto atakayeuzungusha. Katika Mad Tea Party ya Disney, kwa mfano, sakafu kubwa inazunguka, juu yake visahani 3 vinazunguka, na kila kisahani kinabeba vikombe 6 vinavyojizungusha vyenyewe. Mizunguko 2 ya kwanza huna mamlaka nayo. Wa 3 ni wa hiari. Kazia macho usukani au uso wa uliyekaa naye, kichwa wima.

Simuleta, yaani vyumba vya giza vyenye skrini na siti zinazotikisika, zinawaumiza hata wasioumwa na rolakosta, kwa kuwa macho yanaona mwendo mkubwa ambao mwili haupati. Dawa yake ni rahisi: ondoa macho kwenye skrini, tafuta ukingo wake au taa ya mlango wa kutokea, au fumba macho kabisa mpaka upoe. Hila hiyo usiipeleke kwenye mashine za kuzungusha kwa kasi. Mission: SPACE ya Epcot, bustani ya Disney huko Florida, iliyofunguliwa mwaka 2003, ina kombeo kubwa la kuzungusha abiria, na mifuko ya kutapikia iliwekwa mbele yao. Ukifumba macho humo au ukageuza kichwa pembeni, unaongeza tatizo. Mwaka 2006 waliongeza chaguo la kijani lisilozunguka. Mwenye kisunzi achague hilo bila aibu. Rolakosta za kuvaa miwani ya uhalisia pepe, ile yenye skrini inayofunika macho, hatuzipendekezi. Picha ikichelewa nyuma ya behewa kidogo tu, umekwisha.

Gurudumu kubwa ni jambo jingine. London Eye, yenye urefu wa mita 135, inatumia karibu nusu saa kumaliza mzunguko mmoja, kasi ambayo sikio halina cha kulalamikia. Anayetetemeka humo anaumwa urefu, si mwendo. Vidonge havimsaidii huyo. Akae, ashike kitu kisichosogea, atazame mbali kwenye upeo badala ya chini miguuni.

Mwenye kisunzi cha kitabibu asijipime kwa makala ya bidhaa. Ukigeuka kitandani na chumba kikazunguka kwa muda usiofika dakika 1, huenda zile chembe za chokaa zimeponyoka na kuingia mferejini. Meklizini inaficha hali hiyo, haiiponyi. Kinachozirudisha ni zoezi la Epley, yaani kugeuza kichwa hatua kwa hatua, likifanywa na anayelijua. Mpaka daktari aseme umepona, achana na mashine zinazotikisa kichwa au kukupindua miguu juu. Wenye ugonjwa wa Ménière, ule wa sikio la ndani unaoleta kisunzi, na waliofanyiwa upasuaji wa sikio wanaingia humohumo.

Kuhusu mpangilio wa siku: kula kidogo saa 1 au 2 kabla, kitu kisicho na mafuta mengi, maana tumbo tupu nalo linachefuka. Anza na rolakosta zilizonyooka, za kuzungusha ziwe za mwisho, na kati yake pumzika angalau dakika 15 ukitembea. Kichefuchefu kinalimbikizana, kikombe cha 3 kinalipia deni la cha 1. Miayo isiyo na usingizi, mate kujaa, jasho la baridi: mojawapo ikija, acha foleni. Keti kivulini, kichwa kimeegemea kitu, tazama mbali, vuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kunywa maji kwa mafundo madogo. Usiku kitanda kinaweza kuyumba kama mashua. Kwa kawaida kinatulia kufikia kesho yake. Kikiendelea kuyumba kwa siku kadhaa, au sikio likaanza kuvuma au kuziba, nenda kwa daktari wa masikio na umtajie dawa zote ulizotumia, kibandiko kikiwemo.