Kitabu cha kemia kutoka soko la Asia: nyota 3 kati ya 5
Duka la mtandaoni nililonunulia kitabu changu cha kemia, hapa Marekani ninakosoma, huuza matoleo yaliyochapishwa kwa ajili ya soko la Asia, nami nililipa dola 38 kwa kitabu ambacho toleo lake la Kimarekani lilizidi dola 180. Jalada ni laini, karatasi ni nyembamba kiasi kwamba maandishi ya upande wa pili huonekana, na picha zote hazina rangi. Maelezo ni yale yale, isipokuwa namba za maswali zimepangwa upya, jambo lililonikosesha alama za zoezi la kwanza.

Juu ya jalada pameandikwa kwamba kitabu kisiuzwe nje ya Asia. Nilisita kidogo, lakini kwa upande wa hakimiliki suala hilo lilimalizwa Machi 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipompa ushindi, kwa majaji 6 dhidi ya 3, Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand ambaye hapo awali alikuwa ameamriwa kuwalipa wachapishaji John Wiley & Sons dola 600,000 kwa kuuza vitabu vya namna hiyo. Nakala halali ikishauzwa mara ya kwanza, hata kama ilichapishwa ng'ambo, mnunuzi ana haki ya kuiuza tena. Nakala ya wizi, bila shaka, haimo.

Ninachokilaumu ni tangazo la duka, ambalo halikutaja popote kwamba hili ni toleo la kimataifa.