Stabilaiza ya friza: nimeipa nyota nne

Hii ni stabilaiza, mashine ya kusawazisha volti za stima, aina ya rilei, KVA 2 (kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), nimeitoa duka moja la vifaa vya stima karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, kwa elfu saba na ushei. Nimeifunga kwenye friza ya samaki na chupa za ukwaju hapa Mishomoroni. Sisi tuko mwisho wa laini, na kaskazi ikishika, AC na feni za watu zote zikiwa kazini, stima ya jioni inabaki jina tu. Inatakiwa volti 240. Magharibi ikiadhiniwa kioo cha mashine hii hunionyesha 170, siku mbaya zaidi 155.

Kwa volti hizo kompresa inanguruma bila kuzunguka, inavuta ampea nyingi, inachemka mpaka koili inaungua. Sasa ndani ya stabilaiza mna transfoma ambayo waya wake umetolewa ncha kadhaa. Stima ikishuka, rilei, yaani swichi inayojigeuza yenyewe, inahamia ncha nyingine, tak! na friza inapata kama 220. Huo mlio ni usiku kucha. Mume wangu anauchukia, mimi ndio unaonilaza. Stabilaiza za mota hazina kelele na ni sahihi zaidi, ila bei yake si ya muuza samaki, na brashi zake, vile vipande vinavyosugua juu ya koili, hulika.

Kinachonifurahisha hasa ni kungoja kwake. Stima ikikatika ikarudi, taa ya manjano inawaka dakika tatu kabla friza haijapewa moto, ili gesi itulie ndani ya kompresa. Kuna kitufe cha kuchagua muda. "Mama, ule mfupi waachie watu wa televisheni," kijana wa dukani aliniambia, na ni kweli.

Sanduku limeandikwa volti 140 hadi 260. Yangu chini ya 150 inakata kabisa. Hata hizo KVA 2 usizitegemee zote stima ikiwa dhaifu, na kompresa wakati wa kuwaka huvuta mara kadhaa ya kawaida yake, kwa hivyo blenda na pasi tafuta pahali pengine.

Tena haizalishi stima, hilo watu hawataki kusikia. Ikipokea 160 ikatoa 230, kwenye laini inavuta ampea karibu mara moja na nusu ya zile inazotoa. Mtaa mzima tukiwa nazo, laini inalemewa, volti zinashuka zaidi, nazo mashine zinazidi kuvuta. Fundi wangu anasema dawa ni transfoma iletwe karibu, waya mnene, na kapasita za kuinua volti huko kwenye laini kubwa. Mimi nina friza ya kulinda leo.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya kebo yake, fupi mpaka mashine imebidi ikae juu ya kreti za soda.