Mizani Minne, Mshipi na Timazi: Gereji ya Malindi Iliyolisawazisha Gari Langu la Uwanjani

Gereji ninayoiandikia hapa haina kibao wala jina. Iko ukingoni mwa mji wa Malindi, upande wa barabara inayoelekea daraja la Sabaki, na ukipita asubuhi utakachokiona ni tuktuk tano au sita zilizopangwa zikisubiri bushi na breki. Mimi nilipelekwa huko na dereva wa lori aliyekuwa akinisafirishia gari langu hadi bara. Ninaiandikia kwa sababu kazi niliyofanyiwa, yaani kupima na kurekebisha saspensheni (springi na mikono inayoliunganisha gari na magurudumu yake) ya gari la kujiundia kwa ajili ya siku za uwanjani, ni kazi ambayo nilikuwa nimeitafuta kwa muda mrefu bila kuipata, na sikutarajia kuipata umbali wa dakika kumi kutoka nyumbani.

Gari lenyewe ni la umbo ambalo Colin Chapman wa kampuni ya magari ya Lotus alilitoa Uingereza mwaka 1957 kwa jina la Seven, na ambalo haki za kuliunda zilihamia kwa kampuni ya Caterham mwaka 1973. Tangu mwanzo gari hilo liliuzwa pia kwa vipande, mnunuzi akaliunganisha mwenyewe, na hadi leo wapo watu wengi duniani wanaounda magari ya mfano wake kwa kutumia vipuri vya magari ya kawaida. Langu lina chasisi ya mabomba ya chuma, mikono ya pembetatu juu na chini kwa magurudumu ya mbele, na nyuma lina ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu yote mawili, iliyotoka kwenye Ford Escort. Nililiunganisha chini ya kibanda cha makuti kwa muda wa miaka miwili. Likiwa na nusu tangi ya petroli lina uzito wa kilo 590, na wepesi huo ndio utamu wake na pia ndio ugumu wake, kwa kuwa kosa la kilo chache ambalo gari la familia lingelimeza bila kulihisi, hili hulionyesha katika kila kona.

Siku za uwanjani ni zile ambazo wenye magari hulipa ada na kuruhusiwa kuendesha kwa kasi katika uwanja uliofungwa, bila kushindania kikombe. Katika siku yangu ya kwanza, kwenye uwanja wa lami upande wa Athi River, nilikutana na tabia tatu ambazo sikuweza kuzieleza. Kwenye kona za kulia pua ya gari ilikataa kuingia, hata nikizidisha usukani. Kwenye kona za kushoto mkia ndio uliotaka kutoroka. Na kila nilipokanyaga breki kwa nguvu, tairi la mbele la kulia lilijifunga na kutoa moshi kabla ya mengine. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba springi zangu ni laini mno, ingawa tayari zilikuwa za pauni 350 kwa inchi, yaani huhitaji uzito wa pauni 350 ili zibonyee inchi moja, na hilo ndilo nililomwambia fundi mkuu siku ya kwanza.

"Ami, nimekuja unifungie springi ngumu zaidi za mbele."

"Springi tutaziona baadaye, mwanangu. Kwanza tujue gari lako limebeba kiasi gani kwenye kila mguu."

Kwa maneno hayo alinionyesha kwamba nilikuja na dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Sakafu ya gereji hiyo ni ya saruji ya zamani, na kama zilivyo sakafu nyingi, haikulala sawa. Fundi alichukua mpira wa maji, ule ule ambao waashi wetu huutumia kusawazisha misingi ya nyumba, akapima sehemu nne ambapo magurudumu yangekaa, kisha akaongeza vigae vya sakafu chini ya mizani hadi nyuso zote nne zikawa katika kimo kimoja. Kazi hiyo peke yake ilichukua muda wa asubuhi nzima, na mtu asiye na subira angeiona kuwa ni upotezaji wa wakati, lakini pasipo sakafu iliyosawazika mizani husema uongo. Baada ya hapo alijaza matairi upepo sawasawa, akaifungua stebilaiza, yaani ufito wa chuma unaounganisha magurudumu mawili ya mbele, ili usivute upande wowote, na akaweka uzito wangu mahali pa dereva: mfuko wa saruji wa kilo 50 juu ya kiti, na madumu ya maji ya lita 24 mbele ya kiti, jumla kilo 74. Ndipo gari likateremshwa juu ya mizani minne.

Mbele kushoto ilisoma kilo 172, mbele kulia 146, nyuma kushoto 154, na nyuma kulia 192. Ukijumlisha upande kwa upande, huoni tatizo kubwa, kwa kuwa kushoto kulikuwa na kilo 326 na kulia 338. Tatizo lilikuwa la mshazari. Mbele kushoto na nyuma kulia kwa pamoja vilibeba kilo 364 kati ya 664, karibu asilimia 55, na mshazari wa pili ukabaki na 300 tu. Gari lilikuwa limekaa kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Katika kona ya kulia uzito huhamia kushoto, na gurudumu la mbele kushoto, lililokuwa tayari limeelemewa, lilizidiwa hadi likateleza. Katika kona ya kushoto hali iligeuka na mkia ukatoroka. Tairi la mbele kulia lilijifunga kwa sababu ya wepesi: breki zilikuwa sawa pande zote mbili, lakini tairi hilo lilishika lami kwa kilo 146 wakati mwenzake alikuwa na 172. Maswali yangu matatu yalikuwa na jibu moja, na springi ngumu zaidi zisingeliondoa chanzo chake.

Marekebisho yalifanywa kwa kuzungusha kola, yaani pete zinazokaliwa na springi. Alipandisha mbele kulia na nyuma kushoto, akateremsha mbele kushoto na nyuma kulia, nusu mzunguko kwa kila kona, ili kimo cha gari kisibadilike, na kila mara alilitikisa gari ili springi zikae vizuri kabla ya kusoma tena. Ilipofika alasiri mizani ilisoma 156 na 162 mbele, 170 na 176 nyuma, yaani kila mshazari kilo 332 kamili. Nimewahi kulipeleka gari hili katika kituo cha kupima magurudumu cha mji mwingine, chenye mashine ya kisasa na kioo cha kompyuta, na hakuna aliyeniuliza lina uzito gani wala anayeliendesha ana uzito gani.

Kwa upande wa springi, fundi alipima umbali kutoka kwenye egemeo la mkono wa chini hadi pale springi inapokaa, na umbali hadi kwenye gurudumu, akapata uwiano wa 0.7. Uwiano huo huzidishwa kwa wenyewe (0.7 mara 0.7), kwa hiyo springi ikifika kwenye gurudumu hubaki na chini ya nusu ya ugumu wake. Hata baada ya punguzo hilo, pauni 350 zililifanya gari langu jepesi litikisike karibu mara 2.4 kwa sekunde upande wa mbele, na kwenye lami yenye mawimbi tairi lilikuwa likiruka badala ya kushika. Alipendekeza springi za pauni 250, zinazolirudisha kwenye mtikisiko wa mara 2 hivi kwa sekunde. Nilizileta mwenyewe baada ya kuziagiza, na alizifunga bila kunitoza zaidi, ingawa ilimlazimu kupima uzito upya. Shokabsoba, zile zinazotuliza mdundo wa springi, alizianzisha katika hali laini kabisa, akakaza kirekebishi chake mibofyo miwili kwa kila safari ya majaribio hadi gari lilipoacha kudunda baada ya tuta.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni namna alivyonyoosha magurudumu. Alifunga mshipi wa kuvulia samaki pande zote mbili za gari, sambamba na mstari wa katikati ya chasisi, akapima kwa rula kutoka kwenye mshipi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa kila rimu. Kwa mwinamo wa magurudumu ya mbele alitundika timazi, yaani uzi wenye kitu kizito unaoning'inia wima, kando ya rimu. Kwenye rimu ya inchi 13 kila nyuzi moja ya mwinamo huonekana kama tofauti ya takriban milimita 6 kati ya juu na chini, kwa hiyo mwenye jicho na mkono uliotulia huweza kupima kwa uhakika unaotosha. Aliniwekea nyuzi 2 za kuelemea ndani, yaani sehemu ya juu ya gurudumu ielekee katikati ya gari. Katika siku yangu ya kwanza uwanjani, kipimajoto cha sindano kilikuwa kimeonyesha kwamba ukingo wa nje wa tairi la mbele kushoto ulifika nyuzi 88 za selsiasi huku wa ndani ukiwa 71, maana yake tairi lilikuwa likitembelea bega. Niliporudi uwanjani baada ya kazi hii, tairi hilo lilisoma 78 nje, 80 katikati na 84 ndani. Raundi yangu bora ilipungua kwa sekunde mbili na nusu kwa matairi yale yale, na kona za kulia na za kushoto sasa zinafanana.

Kuna ushauri mmoja alionipa ambao sikuwa nimewahi kuufikiria, nami nauandika kwa faida ya wenzangu wa mwambao. Kipima upepo husoma tofauti kati ya hewa iliyo ndani ya tairi na ile ya nje. Ukijaza upepo wa pauni 18 kwa inchi ya mraba hapa Malindi, usawa wa bahari, kisha ukapanda hadi kimo cha mita 1,500 hivi, hewa ya nje hupungua na kipimo husoma pauni mbili na zaidi juu ya ulizoziweka. Baridi ya alfajiri ya bara nayo hupunguza karibu pauni moja na nusu. Kwa hiyo asubuhi utaona namba inayokaribia ile ya nyumbani na kudhani kwamba hakuna kilichobadilika, lakini jua likishapanda, upepo unakuzidi. Alinihimiza nipime uwanjani, kabla ya kutoka na mara tu baada ya kurudi, matairi yakiwa bado ya moto.

Yapo mambo ambayo sikuridhika nayo. Niliahidiwa siku tatu na gari likakaa siku tisa, kwa kuwa tuktuk za watu wanaotafuta riziki ya kila siku hutangulizwa. Sababu naielewa, lakini ningependa kuambiwa mapema. Vipimo vyote viliandikwa kwa chaki ukutani, nami ndiye niliyevinakili kabla havijafutwa, ilhali mteja aliyelipa shilingi 28,000 za ufundi anastahili karatasi. Jambo zito zaidi ni kwamba viungo vya duara vya mikono ya mbele viliachwa wazi bila vifuniko vya mpira. Mahali penye upepo wa chumvi kama hapa, kiungo kisichofunikwa hupata kutu ndani ya miezi michache, na kiungo chenye kutu hulegea na kuharibu vipimo vyote vilivyopatikana kwa jasho.

Anayetaka kwenda afike mapema asubuhi, aepuke Ijumaa, apeleke gari likiwa na nusu tangi ya petroli na vitu vyake vyote vimetolewa, na ajue uzito wake halisi akiwa amevaa kofia na viatu vya kuendeshea. Springi na vipuri vya pekee aende navyo mwenyewe, kwa kuwa gereji haiviweki. Mimi nitarudi baada ya masika, maana kiungo cha mkono wa juu wa kushoto kimeanza kutoa sauti, na safari hii vifuniko vya mpira nimekwisha kuviagiza.