Godot 4 kwenye laptopu ya mtumba: anza na Compatibility

Ukianzisha mradi mpya kwenye Godot 4, programu ya kutengenezea gemu, kabla hujaandika mstari wowote unaulizwa uchague njia ya kuchora picha: Forward+, Mobile au Compatibility. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye laptopu ya mtumba, chagua Compatibility.

Kinachoamua ni chipu ya picha iliyo ndani ya laptopu. Forward+ na Mobile kimsingi hutegemea Vulkan, mfumo ambao programu hutumia kuiagiza chipu ichore, na Intel haikutoa draiva kamili ya Vulkan ya Windows kwa chipu za kabla ya kizazi cha 6. HP EliteBook 840 G1 ni kizazi cha 4, haina. 840 G3 inayo. Compatibility inataka OpenGL 3.3 tu, mfumo wa zamani zaidi wa kazi hiyo hiyo, na hata chipu ya Intel HD 4000 ya kizazi cha 3 inaifikisha. HD 3000 ya kizazi cha 2 huishia OpenGL 3.1, hiyo muachie mwenye duka. Iwe Dodoma mjini au kwingine, kabla hujatoa hela bonyeza Windows na R, andika dxdiag, kisha soma jina la chipu kwenye Display.

Kwa gemu za 2D hutakosa kitu cha maana. Kwenye 3D ndiko utakakobanwa: hakuna SDFGI (mwanga unaodunda kutoka kitu hadi kitu) wala ukungu wa ujazo, na kila kitu kimoja kinamulikwa na taa zisizozidi 8 za Omni (za kumulika pande zote) na 8 za Spot (za kumulika upande mmoja kama tochi), usipoongeza kikomo kwenye Project Settings. Taa yenye kivuli hulazimisha vitu inavyovimulika vichorwe upya, ndiyo maana chumba chenye taa nne za vivuli hukwamakwama. Acha kivuli kwa jua peke yake, taa nyingine zizimie Shadow.

Kubadili baadaye ni rahisi: juu kulia mwa dirisha, chagua jina jingine, Godot inajiwasha upya. Ila mwanga hautafanana, kwa sababu Compatibility hujumlisha rangi za taa kwa njia tofauti. Utapanga upya nguvu za taa zote. Kwa hiyo amua mapema, hasa kwa 3D.

Mwenye kompyuta yenye kadi ya NVIDIA ya karibuni na ndoto ya 3D nzito aende Forward+, hana haja ya kujinyima. Lakini akitaka gemu ichezwe kwenye kivinjari, atarudi huku huku: toleo la wavuti la Godot 4 linakubali Compatibility tu, kupitia WebGL 2.0, mfumo wa kuchora picha ndani ya kivinjari.