Tuisheni ya signali na sistimu Ng'ong'ona, nendeni kabla hamjakamata sapu (mtihani wa kurudia)

Nimesoma pale Jumamosi nne, buku tano kwa kipindi cha masaa mawili, ni chumba cha nyuma ya steshenari moja hapo Ng'ong'ona jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Mimi sapu ya hili somo nilishaikamata kwahiyo naandika nikijua linavyouma.

Dada anayefundisha hakuanza na fomula kabisa. Alichora wimbi la umeme wa kwenye soketi, volti 230 hezi 50, akatuuliza linajirudia baada ya muda gani, tukapiga hesabu milisekunde 20, ndo akasema haya hiyo ni signali, yaani thamani inayobadilika kadiri muda unavyokwenda, inajirudia tena ni ya mfululizo, kila sekunde ndogo unayoitaja ina thamani yake. Halafu akachora joto la Dodoma linalopimwa mara moja kila saa, vinukta tu, hiyo ndo diskriti, na kati ya nukta na nukta siyo sifuri jamani, hakuna kitu. Hapo nilikuwa nakosea mwaka mzima!

Kosaini ndo ilituvuruga. kos(2t) inajirudia kila baada ya pai, sawa. Akaandika kos(2n), n namba kamili tu, darasa zima tukasema nayo inajirudia, kumbe wapi. Ingejirudia ingebidi 2 mara namba kamili fulani ifike kwenye 2pai mara namba kamili nyingine, na pai haikubali kuandikwa kama sehemu, basi hata usubiri vipi haifiki.

Kwenye sistimu, yaani kitu unachokipa ingizo kikakupa matokeo, alitumia nauli ya boda. Tuseme kuanza ni buku na kila kilomita mia tano. Kilomita nne unalipa 3,000, lakini ukienda mbili ukashuka ukapanda tena mbili unalipa 2,000 mara mbili, 4,000. Kwahiyo y = 500x + 1000 ukiichora ni mstari ulionyooka kabisa ila sistimu yenyewe SIYO linia, ukijumlisha ingizo matokeo hayajumlishiki. Sijawahi kuelewa kitu vizuri hivyo, nilirudi hosteli nikamfundisha rumeti saa hiyohiyo.

Kasoro ipo. Signali za nishati na za pawa alizipita mbio, dakika kumi hivi, na mimi hapo ndo palinipeleka sapu. Nilibaki nikamfuata, akanielewesha vizuri tu kwamba ile inayofifia ikaisha unaijumlisha nishati yake yote unapata namba, ila wimbi lisiloisha ukijumlisha hufiki mwisho ndo maana unatafuta wastani wa pawa. Dada yangu kama unasoma, hii ipe kipindi kizima tafadhali, wapo wanaoona aibu kubaki.

Chumba ni kidogo, fikeni saa mbili kasoro mpate viti vya mbele maana ubao hauonekani ukikaa dirishani, jua linapiga. Mwezi wa saba bebeni sweta, upepo wa asubuhi pale hauna huruma.