Brashi ya dohani: angalia thredi kabla ya nywele

Kila Septemba, baridi ya hapa Maine, Marekani, ikishaanza kuuma usiku, simu zinaanza. Jiko la kuni linatakiwa kuwashwa na dohani haijaguswa tangu mwaka jana. Safari hii aliyenichokoza ni dada mmoja wa Lewiston. Kanunua brashi duka moja na fito duka jingine, vyote vimeandikwa robo inchi, na haviingiliani. Karudisha, kaambiwa pakiti imeshafunguliwa, hela haitoki.

Kwa hiyo leo sina somo la kupima bomba. Majiko mengi ya huku yana bomba la inchi 6, mengine 8. Pima upana wa ndani, nunua brashi ya kipimo hichohicho, basi. Kinachowatesa watu ni thredi, yaani ile mizunguko ya skrubu pale brashi inapofungwa kwenye ufito.

Brashi nyingi za dohani zinazouzwa Marekani zina thredi ya bomba, ile inayoandikwa 1/4 NPT. Ukiiwekea rula utapata zaidi kidogo ya nusu inchi, maana hiyo robo ni jina tu la saizi ya bomba. Jirani yake rafuni kuna fito za kusafishia bomba la mashine ya kukaushia nguo, na baadhi zina thredi ya boliti ya robo inchi kwelikweli, nyembamba kama penseli. Za mafundi wa kazi kubwa nazo huwa 3/8. Robo kwa robo, na hazioani hata kwa maombi! Muuzaji anazitundika msumari mmoja, anaandika "zinafaa dohani zote", halafu ukimuuliza NPT ni nini anakukodolea macho.

Tuseme zimeoana. Bado ukizungusha ufito kushoto wakati unavuta, thredi inafunguka na brashi inabaki huko juu. Umeshika ufito mtupu, masizi hadi kwenye kope, na sasa unamwita fundi yuleyule uliyekuwa unakwepa bei yake.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni SootEater ya Gardus, seti ya kufagia dohani kwa drili, na sijalipwa na mtu kuisema. Fito zake hazikazwi kwa thredi. Unachomeka moja ndani ya nyingine, kitufe kinaruka na kukaa kwenye tundu lake, imeisha. Unafunga drili, unaingiza kutokea chini, hupandi paa. Kichwani kuna nyuzi za plastiki, zilezile za mashine ya kufyekea nyasi, unazikata kulingana na bomba lako. Seti ina fito sita za futi 3, jumla futi 18. Dohani ndefu zaidi itadai nyongeza. Uchafu ni mwingi, sikatai. Ziba mdomo wa jiko kwa nailoni na utepe kabla hujabonyeza drili, na hakikisha kila kitufe kimetokeza.

Namba mbili ni brashi ya plastiki ngumu pamoja na fito za faibaglasi, zote 1/4 NPT. Nunua duka moja, siku moja, na uzikaze palepale kaunta muuzaji akikutazama. Hii inafaa bomba la chuma cha pua, ambalo waya wa chuma hulikwaruza. Ukifagia, zungusha kulia tu.

Waya uwaachie wenye dohani za matofali zilizovikwa vigae vya udongo wa kuchoma, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani. Tundu likiwa la mraba, brashi iwe ya mraba, la sivyo pembe zitabaki na lami ya moshi. Na ukishaisukuma usiivute kabla haijatokeza juu, maana nywele za waya zikibanwa hazigeuki.

Seti za bei ya kutupa zipo, pita. Magogo ya dawa ya kuchoma ndani ya jiko la kuni hukausha lami hiyo, lakini kuifagia bado ni kazi yako.

Halafu bei. Brashi yenyewe si ghali, wanakukamata kwenye fito, zinazouzwa mojamoja. Oktoba rafu ni tupu, na kilichobaki kimepanda. Mei zimejaa vumbi na hakuna anayezigusa. Nunueni Mei, na mkiwa na brashi tayari nyumbani nendeni nayo dukani mkajaribishe kila ufito kabla ya kulipa. Wakinuna, wanune.