Dingle, Ayalandi: mji wa kulala, si wa kupita

Katika miaka sita ambayo nimeishi Dublin nimefika Dingle mara mbili, na tofauti ya safari hizo mbili ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Mara ya kwanza nilikwenda na basi la watalii, safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo: tulishushwa bandarini saa sita mchana, tukapewa saa moja na nusu, nikala chipsi nikiwa nimesimama, kisha tukahesabiwa na kupakiwa tena. Nilirudi nikiwaambia watu kwamba Dingle ni nyumba za rangi nzuri na maduka ya zawadi. Nilikosea. Juni iliyopita nilirejea pamoja na mume wangu na mama mkwe, aliyekuja kutoka Mombasa kututembelea, tukalala usiku nne, na sasa naweza kuusifu mji huu bila kusita, kwa sharti moja tu: anayekwenda alale huko, na awe tayari kusikiliza, kwa sababu kilicho bora kuliko vyote Dingle ni lugha inayozungumzwa na watu wake.

Mji wenyewe ni mdogo, wenye wakazi kama 2,000, nao umekaa katika rasi ya Kaunti ya Kerry, kusini-magharibi kabisa mwa Ayalandi, ukiielekea bahari ya Atlantiki. Kutoka Dublin tulipanda treni katika stesheni ya Heuston hadi Tralee, mwendo wa saa nne hivi, na hapo tukakodi gari kwa kilomita 50 zilizobaki. Ayalandi gari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo mume wangu hakupata taabu, ila njia za rasi hii ni nyembamba mno. Kuna barabara ya mlimani iitwayo Conor Pass, yenye mandhari ya kuvutia sana, ambayo magari makubwa yamekatazwa. Dereva asiyezoea kurudi nyuma ukingoni mwa genge apite barabara kuu.

Kabla ya kuondoka Tralee inafaa kujua habari ya majina, kwa maana inaweza kumpoteza mtu njia. Sehemu ya magharibi ya rasi hii, pamoja na Dingle, iko ndani ya Gaeltacht, yaani maeneo ambayo serikali inayatambua kuwa makazi ya wasemaji wa Kiayalandi, na humo vibao vya barabarani huandikwa kwa Kiayalandi peke yake. Mwaka 2005 amri ya serikali iliondoa hadhi ya kisheria ya majina ya Kiingereza katika maeneo hayo, na Dingle ukabaki An Daingean. Wenyeji wengi waliohofia kupoteza wageni walipinga, na katika kura iliyopigwa mwaka 2006 zaidi ya 1,000 walitaka jina la lugha mbili huku 70 tu wakikataa. Hata hivyo haikuwa hadi mwaka 2011 sheria iliporudisha jina la Dingle na kuliweka sambamba na Daingean Uí Chúis. Mimi nawaelewa wenye hoteli waliohofia biashara yao, lakini nilipoona kibao chenye jina la Kiayalandi pekee nilifurahi, na nilitamani kwetu nako tuwe na ujasiri huo.

Lugha hii si ya vibaoni tu. Asubuhi ya kwanza, dukani, mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu alisalimiwa na muuzaji kwa maneno «Dia duit», naye akajibu «Dia is Muire duit». Nilimweleza mama mkwe kwamba salamu ya kwanza maana yake ni «Mungu awe nawe», na jibu lake ni «Mungu na Mariamu wawe nawe», na kwamba mtu akiendelea kujibiwa huongezwa hata jina la Mtakatifu Patrick. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, «Kumbe hawa nao hujibu salamu kwa ziada, mwanangu, kama tulivyofunzwa sisi.» Tangu hapo alikuwa akiwasalimia watu kwa maneno hayo kila tulikoingia, na sikuona hata mmoja ambaye uso wake haukuchangamka. Maneno mengine machache yatamfaa mgeni: «go mall» lililoandikwa juu ya lami ni polepole, na milangoni mwa vyoo «fir» ni wanaume na «mná» ni wanawake, jambo la kukaririwa mapema na kila anayedhani herufi M itamwongoza.

Njia ya kuzunguka ncha ya rasi, inayoitwa Slea Head Drive, ina urefu wa kama kilomita 47 na huanzia na kuishia mjini. Nashauri ifuatwe kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kama yafanyavyo mabasi makubwa, ili msikutane uso kwa uso mahali pasipopishika. Tena mtoke kabla ya saa tatu asubuhi, kwani ikifika saa tano maegesho yote ya pwani huwa yamejaa. Ufuo wa Coumeenoole ni mzuri wa kutazama, lakini mikondo yake ni ya hatari, na anayetaka kuogelea atafute mahali pengine.

Mahali palipomshika zaidi mume wangu, ambaye ni mwashi na mtoto wa mwashi, ni Gallarus. Ni nyumba ndogo ya sala ya Wakristo wa kale, yenye umbo la mashua iliyopinduliwa, iliyojengwa kwa mawe matupu yaliyopangwa moja juu ya jingine bila saruji ya kuyashika. Wataalamu wanabishana kuhusu umri wake, wengine wakiiweka karne ya 8 na wengine karne ya 12, lakini kuta zake hazijaanguka, na tulipoingia mvua ilikuwa ikinyesha wala ndani hakukudondoka tone. Mume wangu alinionyesha sababu yake: kila jiwe limelazwa likiinamia nje kidogo, kwa hiyo maji hutiririka yasiingie. Mtu aliyekulia katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hawezi kuingia humo asiguse ukuta kwa heshima.

Hata hivyo, kama msomaji ana nafasi ya kuingia mahali pamoja tu, na aingie Kituo cha Blasket kilichoko Dunquin, kijiji cha nchani mwa rasi, ambacho Waayalandi hukiita Ionad an Bhlascaoid. Ni makumbusho ya watu wa kisiwa cha Great Blasket, kinachoonekana ng'ambo ya mlango wa bahari, waliokuwa wavuvi na wafugaji, wasemaji wa Kiayalandi safi, na ambao kutoka katika jamii isiyofika watu 200 walitoa vitabu vya maisha yao vinavyosomwa hadi leo. Maelezo yamepangwa kwa utulivu, bila vurumai ya skrini na kelele. Utaona namna walivyojenga mtumbwi wao, kiunzi cha mbao nyembamba kilichovikwa turubai lililopakwa lami, ambao wanaume waliubeba vichwani mwao ukiwa umepinduliwa. Utasoma jinsi vijana walivyohama mmoja baada ya mwingine, wengi wao wakielekea Springfield, Massachusetts, hadi wakabaki wazee wasioweza kuvuta makasia. Majira ya baridi ya mwaka 1946 kuingia 1947 kijana mmoja alikufa kwa homa ya uti wa mgongo, na kwa kuwa bahari ilichafuka hakuna tabibu wala kasisi aliyeweza kumfikia. Miezi michache baadaye wakazi walimpelekea Waziri Mkuu, Éamon de Valera, simu ya maandishi wakiomba chakula. Mwezi wa Novemba mwaka 1953 serikali iliwahamishia bara waliosalia.

Jengo lenyewe limesanifiwa kwa ustadi mkubwa: ukumbi mrefu unashuka taratibu mpaka dirisha kubwa, na dirishani kisiwa kinakutazama, kimya, kuta za nyumba zake zikiwa zimebomoka. Mama mkwe alikaa kwenye benchi mbele ya dirisha hilo kwa muda mrefu, nami sikumharakisha. Nimeingia makumbusho mengi ya Ulaya, na hakuna lililonigusa kiasi hicho.

Boti za kwenda kisiwani huendeshwa tangu majira ya kuchipua hadi mwisho wa Septemba, bahari ikiruhusu. Siku yetu ya pili safari ilifutwa kwa sababu ya mawimbi, tukarudishiwa fedha bila mabishano; siku ya tatu tukavuka. Ni lazima nionye kwamba kisiwani hakuna gati la kuegesha boti kubwa: abiria huhamishiwa kwenye boti dogo la mpira, kisha hupanda ngazi za mawe zenye utelezi. Mama, kwa ajili ya magoti yake, alibaki Dunquin, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kule juu utembee kati ya magofu, na chini kwenye ufuo mweupe utazame sili wa kijivu waliolala kwa mamia. Chukua maji, chakula na koti la mvua. Mwavuli uache hotelini, maana upepo wa huko hauuachi mzima.

Chakula cha mjini ni samaki kwanza, na kwa mtu wa pwani hilo linatosha. Tulikula makareli, kaa na supu nzito ya samaki iliyopikwa kwa maziwa, pamoja na mkate wao wa magadi. Vyote vilikuwa freshi na vilipikwa kwa heshima. Bei ni kubwa, na sahani ya mchana haikushuka chini ya yuro 20 kwa mtu. Waislamu waulize kabla ya kuagiza, kwa sababu supu hiyo wakati mwingine hutiwa nyama ya nguruwe, na mgahawa mmoja ulitukaangia samaki ndani ya mafuta yaliyokaangiwa soseji, jambo tulilolijua baadaye tu. Aiskrimu ya Murphys, duka lililoanzishwa hapa mwaka 2000, hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa Kerry, wale wadogo weusi, na ile yenye chumvi ya bahari ya Dingle naipa alama zote. Baadhi ya ladha zake zina pombe, ila wauzaji hukueleza kwa uwazi ukiuliza.

Nyumba ya wageni tuliyolala ilikuwa safi na mwenyeji wake mkarimu, lakini chumba kilichotangazwa kuwa kinaona bahari kilitazama maegesho ya magari, na maji ya moto yaliisha kila asubuhi kabla ya mtu wa tatu kuoga. Kwa bei tuliyolipa hilo halikubaliki. Vyumba ni vichache majira ya joto, na mwenye nyumba anajua kwamba huna pa kwenda. Wekeni nafasi miezi mingi mbele, tena ulizeni kwa maandishi dirisha linaelekea wapi.

Jioni mjini ni ndefu ajabu. Juni jua huzama karibu na saa nne usiku, na sisi tuliokuwa tukisubiri Magharibi tulipata muda wa kutembea bandarini hadi kwenye sanamu ya Fungie, pomboo aliyeishi peke yake katika ghuba hii tangu mwaka 1983 hadi alipotoweka Oktoba 2020. Muziki wa asili mwingi hupigwa katika mabaa. Asiyependa kuingia huko aulizie matamasha ya kanisa dogo la St James. Mchana wa mvua tuliutumia Díseart, kanisa la uliokuwa utawa wa masista, lenye madirisha 12 ya vioo vya rangi vya msanii wa Kiayalandi Harry Clarke yaliyowekwa mwaka 1924, na buluu yake sijaiona kwingine.

Kwa wasomaji watakaotoka Kenya au Tanzania, kumbukeni kwamba Ayalandi haimo katika mkataba wa Schengen, kwa hiyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haitawafikisha. Ombeni ya Ayalandi yenyewe, tena mapema. Mama mkwe ameshaniagiza nimwombee nyingine kwa ajili ya Mei ijayo, kabla mabasi hayajawa mengi, na ameniambia kwamba safari hiyo hana haja ya Dublin.